Kurasa za kura za Seneti ya Marekani: nyota 4 kati ya 5

Anayetaka kujua ni seneta gani aligeuka kuhusu vita vya Iraq uchaguzi ulipokaribia, aanzie senate.gov. Ni bure, wala huombwi kujisajili. Chagua Bunge la 107 (kipindi cha 2001 hadi 2003), kikao cha 2, kura namba 237: ndilo azimio la Oktoba 2002 la kuruhusu vita, 77 kwa 23. Majina yamepangwa kwa alfabeti, kwa kura na kwa jimbo. Mpangilio wa jimbo ndio unaookoa muda.

Kisha ruka hadi Bunge la 110, kikao cha 1, Februari 2007. Utamu uko hapa. Tarehe 5, hoja ya kuanza mjadala kuhusu kuongezwa kwa askari wa Marekani Iraq ilipata 49 kwa 47. Seneta Gordon Smith wa jimbo la Oregon, aliyekwisha kuvikosoa vikali vita hivyo Desemba 2006, alipiga hapana! Tarehe 17, kwa hoja kama hiyo, akapiga ndiyo: 56 kwa 34, bado pungufu ya kura 60 zinazotakiwa ili mjadala uanze. Uchaguzi wa 2008 akabwagwa.

Nyota moja imeondoka kwa sababu ya vichwa vya kura. Vimejaa lugha ya kanuni, hivyo mgeni hudhani kura ya utaratibu ni kura ya vita vyenyewe. Tena kiongozi wa chama chenye maseneta wengi huweza kupiga hapana makusudi hata kwa hoja anayoiunga mkono, apate haki ya kuirudisha ipigiwe kura tena. Ukurasa haukuelezi hilo. Hotuba nazo hazimo, zitafute congress.gov kwa tarehe.