Uzoefu wangu na alamu ya dukani inayotuma taarifa kituoni: usiishie kwenye king'ora

Nina duka la dawa Sinza, Dar es Salaam, na kwa zaidi ya mwaka sasa nalipia alamu iliyounganishwa na kituo cha kampuni ya ulinzi. Jina la kampuni silitaji, maana ninayotaka kuyasema yanakuhusu hata ukinunua kwa mwingine. Kwa ufupi, nimeridhika. Ila niliridhika baada ya kudai marekebisho ambayo kwa maoni yangu yalitakiwa yawepo tangu siku ya kwanza.

Mafundi wakija kukuuzia huduma hii, kwanza watakulizia king'ora mpaka majirani watoke nje. Ni kweli king'ora kinamkimbiza mwizi mwoga. Lakini kinacholeta gari la doria mlangoni kwako saa tisa usiku ni ujumbe uliotoka dukani ukafika kituoni, na huo hauna kelele wala hauonyeshwi. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda, na hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Kwangu kuna boksi la chuma stoo, ndilo linalopokea ishara za sensa na kutuma ujumbe kituoni, lenye betri ya volti 12 inayolibeba umeme ukikatika. Milango ina sumaku na swichi ndogo, na ndani kuna sensa zinazohisi joto la mwili likisogea. Hizi sensa ni nzuri lakini zina adui, mjusi. Akipita juu ya kioo chake, kwa sensa ni kama mtu amekatiza chumba kizima. Fundi alizihamisha mbali na taa, ambako mijusi hufuata wadudu, na simu za usiku zisizo na sababu zikapungua sana.

Nilimwomba fundi anionyeshe ujumbe wenyewe, naye akaufungua kwenye kompyuta yake. Ni tarakimu 16 tu. Nne za kwanza ni namba ya mteja, kisha zinafuata alama ya aina ya ujumbe, namba ya tukio, eneo la duka na sensa iliyoguswa, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Tukio 130 ni wizi, 120 ni kitufe cha dharura, 301 ni umeme kukatika, 302 ni betri kuisha nguvu. Utaratibu huu unaitwa Contact ID, ulitoka kwa kampuni ya Marekani ya Ademco enzi za simu za waya, wakati tarakimu zilipigwa kama milio ya vitufe vya simu. Leo ujumbe wangu unapita kwenye mtandao wa simu za mkononi, lakini namba ni zilezile. Kituo kikipokea kinajibu, na boksi lisipopata jibu linarudia.

Sasa niwaambie ulivyonifaa. Usiku mmoja watu walipanda juu ya duka, wakakata waya wa umeme, kisha wakafungua bati na kushukia stoo kupitia dari. Ilitangulia 301, muda mfupi baadaye ikaja 130 ikitaja sensa ya stoo. Simu yangu ikaita. "Mama, ni kituo cha ulinzi, naomba neno lako la siri." Nikalitaja. "Umeme wa dukani umekatika na sasa kuna mtu stoo. Milango yote ya mbele imefungwa. Gari liko njiani, tafadhali usiende peke yako." Yule kijana wa zamu aliusoma mfuatano, akaelewa kwamba mtu hakuingilia mlangoni, na akawaambia askari wa doria waangalie nyuma na juu. Waliwakuta wezi wameshakimbia, wameacha tundu kwenye bati na boksi za dawa zikiwa zimeshushwa sakafuni tayari kubebwa. Hakuna kilichoondoka. Nilimshukuru kwa jina kwa wakubwa wake na narudia hapa: mtu wa zamu anayesoma kwa akili ana thamani kuliko sensa kumi.

Baada ya tukio lile niliomba orodha ya matukio yote ya duka langu, na kila mteja ana haki ya kuiomba. Humo nikakuta kitu kilichoniudhi mpaka leo. Wiki kadhaa nyuma, bando la laini iliyomo kwenye boksi liliisha, laini ambayo kampuni ndiyo inayoilipia. Kuanzia jioni moja hadi kesho yake mchana duka langu lilikuwa halisikiki kabisa, na kituoni hakuna aliyeshtuka. Sababu ni kwamba boksi lilipangwa kutuma ujumbe wa majaribio, namba 602, mara moja tu kila saa 24. Kama wale watu wangekuja usiku ule, king'ora kingelia na kituo kisingejua lolote.

Ajabu ni kwamba ndani ya duka mambo hayako hivyo. Waya wa sensa za milango una mkondo mdogo wa umeme muda wote na rezista, yaani kipande kidogo cha kuzuia umeme, mwishoni. Mwizi akiukata, boksi linahesabu kukatika kwenyewe kuwa ni hatari, papo hapo. Kama waya wa mita chache umetegwa hivyo, kwa nini njia ndefu ya kwenda kituoni iachwe saa 24 bila kuulizwa hali? Kuna vifaa vya kuvuruga mtandao wa simu, na mwizi aliyejiandaa akiwasha kimoja, boksi haliwezi kutuma kitu. Kinachoweza kukuokoa hapo ni kituo kuona kwamba duka limenyamaza na kulichukulia hilo kuwa tukio.

Nilidai vitu viwili, wakaviweka. Kwanza, njia ya pili: boksi sasa linatumia intaneti ya dukani, na laini ya simu inasubiri kushika nafasi intaneti ikikatika. Modemu nayo ikawekewa betri yake, vinginevyo umeme ukikatika njia hiyo inakufa. Pili, kituo kinawasiliana na boksi kila dakika chache, na kisipojibiwa kinanipigia. Ada ya mwezi ilipanda, lakini bado iko chini ya mshahara wa mlinzi mmoja wa usiku.

Ukitaka kupima huduma yako, waarifu kwanza kituoni, kisha chomoa njia zote mbili na uangalie saa. Mimi nilipigiwa ndani ya dakika tano. Fundi akikataa jaribio hilo, usitie saini.

Malalamiko yaliyobaki ni gari la doria. Usiku wanafika haraka, ila jioni, foleni ya Shekilango ikishika, wanachelewa mno, na pikipiki waliyoniahidi bado sijaiona. Kwa hilo nawakata nyota moja. Nawapa nne kati ya tano, na ya tano naishikilia mpaka pikipiki ifike.