Fimbo ya miguu minne ya mama, miezi sita sasa

Jamani mrejesho wa ile fimbo niliyomnunulia mama Kariakoo kwa 45,000. Mama ana miaka 74, presha anayo, na goti la kushoto limelika mpaka akawa wa kukaa chumbani tu, ukimwita anasema niacheni mie nimeshazeeka. Sasa hivi asubuhi anatoka mwenyewe mpaka barazani, anachambua mchele huku anapiga stori na majirani, na juzi kaenda mpaka kwa shoga yake nyumba ya tatu, nililia kwa kweli. Ila wafundisheni wazee kuishika, sisi mwanzoni alikuwa anaishikia upande wa goti bovu, mtu wa mazoezi ndo akatuambia inashikwa mkono wa upande mzima na kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono akisimama wima. Kwenye mchanga na ngazi inayumba, miguu yote minne lazima ikanyage. Mpira wa chini mmoja uliisha mapema akateleza bafuni, kwa bahati nilikuwepo, nikabadilisha yote minne siku ileile. Ikaguliwe kila wiki.