Kifaa cha kuharakisha mtandao ofisini kwetu Tanga: kizuri, ila angalieni kebo

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, hapa Tanga, si mbali na bandari. Seva iko makao makuu Dar es Salaam, na kila ankara tunayoskani hupita kwenye laini moja nyembamba. Mwaka jana tulifungiwa vifaa viwili vya kuharakisha mtandao, kimoja huku na kingine Dar, kwani kimoja peke yake hakisaidii kitu.

Kazi kinaifanya kweli. Faili likipita mara ya kwanza huoni nafuu kubwa. Likishapita, ukibadilisha ukurasa mmoja na kulituma tena, kinachosafiri ni kile kipya tu. Mengine yanatajwa kwa alama fupi na kifaa cha upande wa pili kinayatoa kwenye diski yake. Jedwali letu la gharama za mizigo, ambalo zamani ulilifungua ukaenda kunywa chai, sasa linafunguka papo hapo. Simu za video hazikupata nafuu yoyote.

Kilichonitesa ni kebo. Kifaa hukaa katikati: tundu la LAN (upande wa ofisi) huenda kwenye swichi inayounganisha kompyuta zetu, la WAN (upande wa nje) kwenye ruta. Kikizimika, relei iliyo ndani, yaani swichi ndogo ya umeme, huunganisha matundu hayo mawili ili mtandao upite kana kwamba hakipo. Ndivyo tulivyoahidiwa. Wiki ya tatu umeme ukakatika. Swichi na ruta zilikuwa kwenye UPS (betri ya akiba), lakini kifaa mafundi walikichomeka ukutani. Kikazimika, na ofisi nzima ikakosa mtandao huku lori la mteja likisubiri getini. Niliumia sana siku ile.

Nikapiga magoti nyuma ya raki na tochi ya simu. Kebo ya kwenda kwenye ruta ilianza na waya wa rangi nyeupe-chungwa ncha zote mbili, yaani ile ya kawaida. Ilitakiwa ya krosova, yaani inayobadilishana waya za kutuma na za kupokea: ncha moja ianze na nyeupe-kijani. Kifaa kikiwa kinawaka hujirekebisha chenyewe kulingana na kebo, kosa halionekani. Kikizimika, zinabaki swichi na ruta zetu za zamani, zisizojua kujirekebisha.

Nilibana ncha upya, kisha nikachomoa waya wa umeme wa kifaa makusudi. Taa ya ruta ikazimika. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, ikawaka kijani. Dada wa mapokezi aliendelea kuchapisha nyaraka zake bila kujua lolote.

Kifaa nakipa nyota tano, ufungaji mbili. Jaribio lile lilipaswa kufanyika siku ya kwanza, mbele yangu, kabla sijatia saini. Wenzangu wa Dar nimewaomba walifanye Jumamosi hii.