Makaburi ya Wapolandi, Tengeru: yanafaa kutembelewa?

Yanafaa sana, ila jiandae. Kutoka Arusha panda daladala za barabara ya Moshi, ushuke Tengeru. Makaburi yamo ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kwa hiyo jitambulishe getini kwanza, kisha umwombe mwangalizi akufungulie. Ukienda kimyakimya utaishia kwenye kufuli.

Wamelala hapa watu kama 150, wakimbizi wa Kipolandi wa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wageni wengi huambiwa kuwa walitoroka kambi za Wasovieti. Sivyo. Walihamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki mwa Polandi mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan kufanya kazi za sulubu. Mkataba wa Sikorski na Maisky wa Julai 30, 1941, kati ya serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni na Umoja wa Kisovieti, ndio uliowafungulia mlango wa kuachiwa huru. Wakalifuata jeshi la Wapolandi lililoongozwa na Jenerali Anders hadi Iran, na kuanzia 1942 wakavushwa bahari kuja Afrika Mashariki. Tengeru ilipokea takriban 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Inaumiza kuwaza hivyo ukiwa mbele ya misalaba ile.

Kasoro: maandishi ya makaburini ni ya Kipolandi. Nenda na simu yenye programu ya kutafsiri, na umpe mwangalizi muda aeleze.