Kusoma masafa kwa masafa: uzoefu wangu

Nimemaliza uzamili wa uhandisi wa maikrowevu na mawasiliano yasiyotumia waya, chuo kikiwa ng'ambo na mimi nikiwa Nkuhungu, Dodoma. Vipindi vilianza saa tatu usiku, ndiyo kwanza nimevua mkanda wa kupandia mnara. Wenzangu kazini huniuliza kama hela yangu imekwenda na maji. Haikwenda, ila kuna mahali niliumia.

Miaka sita nilikuwa fundi wa juu ya minara: nageuza dishi nusu nati kulia, nusu nati kushoto, macho kwenye multimita, volti zikifika kileleni nakaza, nashuka. Kwa nini zinapanda, sikujua. Somo la usambaaji wa mawimbi ndilo lililonitoa tongotongo. Tulizoea kusema dishi zikionana, kazi imekwisha. Kumbe linki, yaani njia ya mawimbi kati ya dishi mbili, ya kilomita 30 kwa gigahezi 7 (gigahezi ni mitetemo bilioni kwa sekunde, ndiyo masafa ya wimbi) inataka, katikati ya njia, nafasi ya mita 18 hivi kuzunguka ule mstari wa kuonana, na walau asilimia 60 ya nafasi hiyo isizibwe. Vilima vyetu hivi vya mawe vinaweza visiuguse mstari na bado vikala mawimbi.

Halafu mvua, nayo hula mawimbi. Dodoma ni kame, nani ahofie mvua? Niliandika hivyohivyo kwenye zoezi, nikapata sifuri. Hesabu haijali mvua ya mwaka mzima. Inauliza ni milimita ngapi kwa saa katika asilimia 0.01 ya mwaka, yaani dakika kama 53. Na dakika zetu za Januari mnazijua: korongo lililokuwa vumbi asubuhi, jioni halivukiki. Linki ya gigahezi 7 itavumilia. Ya gigahezi 23, tuombe Mungu.

Sasa maabara. Tuliahidiwa vitendo, tukapewa programu ya kuigiza antena kwenye kompyuta, leseni yake ikaisha wiki mbili kabla ya kukusanya kazi. Barua pepe tatu, jibu moja: subirini. Hapo nawakata nyota moja na nusu kati ya tano, na sina huruma.

Nikaamua kutengeneza mwenyewe. Bodi ya shaba na dawa ya kuyeyusha shaba isiyotakiwa vilikuja na basi kutoka Kariakoo. Analaiza ndogo ya mkononi, kifaa cha kupimia antena, tukachanga watu watatu. Nikachora antena bapa ya gigahezi 2.45, masafa yaleyale ya jiko la maikrowevu (jirani kusikia hivyo, akaniletea lake lililokufa). Nikaichovya kwenye beseni uani, mke wangu akifukuza kuku. Kupima: 2.38. Nikasawazisha analaiza upya mara mbili, jibu lilelile. Bodi ya bei rahisi, tabia yake haikuwa ile iliyoandikwa. Antena ikiwa ndefu masafa hushuka, basi nikachukua tupa: nasaga, napima, nasaga, napima. Ilipopungua karibu milimita moja, bonde kwenye skrini, linaloonyesha masafa ya antena, likatua 2.45, na mchirizi wa chati ya Smith (mchoro wa duara unaoonyesha antena inavyolingana na kebo), ulionitesa muhula mzima, ukapita katikati kabisa ya duara. Nilicheka peke yangu.

Ukitaka kujiandikisha, ulizia kwanza leseni inaisha lini, na utenge hela ya analaiza nje ya ada. Yetu sasa iko Singida kwa mwenzangu, kebo yake moja imeshalegea.