Fremu za majina Ujiji: mkono mzuri, ila siku zake sasa

Kama uko Kigoma na unataka fremu ya jina la mtoto kwa herufi za Kiarabu panda bajaji nenda Ujiji, kuna fundi ana kibanda hakina hata kibao, uliza tu watakuonesha. Mimi nilienda kama mjomba, dada kajifungua na mtoto kapewa jina la babu yetu, Rashidi, nikajua naandikisha nalipa nasepa. Kumbe! Fundi kaniuliza, "Rashidi wenu wa alifu au wa yee?" Nikabaki namtolea macho.

Akanichorea hizo herufi mbili za Kiarabu kwenye karatasi. Sisi tunaandika Rashidi yote mawili, ila kwa Kiarabu ni majina mawili ya shina moja, yani kuongoka na kuwa na akili pevu. La alifu, Raashid, ni aliyeshika njia iliyonyooka, na makhalifa wanne wa mwanzo, Abubakari, Omari, Othmani na Ali, wanaitwa Rashidun kutokana na hilo hilo. La yee, Rashiid, ndo la Harun al-Rashid aliyetawala Baghdad 786 mpaka 809, na Ar-Rashid limo kwenye yale majina 99 ya Mwenyezi Mungu, karibu na mwisho, As-Sabur linafuata, ndo maana kuna kina Abdulrashid.

Sasa babu alikuwa yupi? Nikampigia bibi, akacheka, eti mie nilikuwa namwita baba Hamisi, hayo ya alifu utayajua wewe mjukuu wangu. Ikabidi tufungue msahafu wa marehemu, ndani ya jalada kaandika jina lake kwa mkono wake na alifu imesimama wima kabisa, na fundi hakushika kalamu mpaka nimtumie picha. Hapo ndo nilimkubali bana, wengine wangeandika tu lolote, nani angejua?

Mbao mninga, maandishi yametulia, elfu 35. Ila aliniahidi kabla ya akika siku ya saba nikaipata siku ya kumi na mbili, pilau imeshaliwa na watu wamesahau, simu hapokei, na ile rangi ya dhahabu ukiigusa inabaki kidoleni kwahiyo itundike juu watoto wasifike.

Juzi nimerudi na oda ya Salim wa jirani. Kaweka kalamu chini, "Salim wa alifu au wa yee?"