Walinirudisha nyumbani wakatibu kope kwanza: uzoefu wangu wa maandalizi ya operesheni ya mtoto wa jicho

Kila anayeongelea mtoto wa jicho anaongelea operesheni yenyewe, iliuma au haikuuma, uliona lini, bandeji ilitolewa saa ngapi. Kazi inayofanyika kabla ya siku hiyo hakuna anayeisifia, na kwangu mi naona ndo iliyobeba kila kitu, ndo mana review yangu naiweka huko.

Nilienda kwa watu wa macho nikijua napimwa, napangiwa tarehe, basi. Jicho la kulia lilikua lishafika pabaya, taa za magari usiku zinatawanyika zote, kusoma maandishi madogo nilishasahau. Wakaniweka kwenye ile mashine unaegemeza kidevu unaangalia taa, inapima urefu wa jicho toka mbele mpaka nyuma na pia mviringo wa konea, kile kioo cha mbele kabisa, afu kutokana na namba hizo ndo wanakokotoa nguvu ya lenzi ya bandia itakayoingizwa ndani badala ya ile ya asili yenye ukungu. Sasa mpimaji akapima, akarudia, akarudia tena, namba za konea hazikubaliani. Akanitia rangi ya njano jichoni akaangalia kwa taa ya bluu, akaniminya minya kingo za kope, afu akaniambia mzee macho yako ni makavu na kope zako zina uvimbe, leo hatuchagui lenzi.

Nilikasirika kweli. Makavu vipi wakati yanachuruzika machozi kutwa nzima? Akanielewesha bila haraka (hapo nawapa maksi zote) kwamba hayo machozi mengi ni jicho linalojitetea kwa sababu limekereka, kinachokosekana ni mafuta yanayotakiwa kukaa juu ya machozi yasikauke haraka, na hayo mafuta yanatoka kwenye vijitezi vilivyopangana kwenye kingo za kope, vyangu vilikua vimeziba. Mashine inasoma konea kwa kuangalia mwanga unavyorudi kutoka kwenye lile tabaka la machozi, likiwa limekatika katika namba zinacheza tu, ni sawa na fundi kumpima mtu suruali huku anarukaruka. Na kosa la dayopta moja (dayopta ndo kipimo cha nguvu ya lenzi) kwenye konea linakuja kuwa karibu dayopta moja kwenye miwani utakayohitaji baadaye. Kwa wanaotaka lenzi maalumu, zile za kurekebisha astigmatizimu, yani konea isiyo na mviringo sawa pande zote, au za kuona mbali na karibu kwa pamoja, ukavu unaharibu zaidi.

Sababu ya pili ndo ilininyamazisha. Vijidudu vinavyoingia ndani ya jicho baada ya operesheni mara nyingi ni vya mgonjwa mwenyewe, vinaishi kwenye kope na ngozi yake. Hayo maambukizi ni nadra sana ila yakikupata unaweza kulipoteza jicho, kwahiyo kope chafu zenye uvimbe hawataki kuzipeleka kwenye meza ya operesheni.

Tiba yenyewe sasa, inachosha hiyo. Kitambaa safi cha uvuguvugu juu ya kope ukiwa umefumba, kama dakika 10, unakanda taratibu kuelekea kwenye kingo, unafuta magamba kwenye mashina ya nywele za kope, afu matone ya machozi ya bandia mara kibao kwa siku, wakasisitiza yale yasiyo na kemikali ya kuhifadhi dawa maana ukitia mara nyingi hiyo kemikali nayo inalikera jicho. Mwanzoni sikuona tofauti yoyote, nilikua naendelea kwa sababu mke wangu ananisimamia. Baadae ile hali ya mchanga machoni ikapungua. Niliporudi kupimwa namba zikatulia, zinafanana kila akirudia, na lenzi waliyochagua ilikua na nguvu tofauti na ile ambayo ningepewa kwa vipimo vya mwanzo. Hapo hasira zote zikaisha.

Kingine, nesi aliniuliza dawa zote ninazomeza, nikataja ya presha akasema na nyingine, na nyingine, mpaka tukafika kwenye ya tezi dume. Nikajiuliza mi nimeleta jicho huyu anatafuta nini kwenye mkojo wangu! Kumbe hiyo dawa ya tezi dume, tamsulosin, inalegeza misuli ya ile sehemu ya jicho yenye rangi, katikati ya operesheni mboni inajifunga na hiyo sehemu inapepea pepea, daktari asipojua inamletea shida. Hilo lilianza kujulikana mwaka 2005 tu. Na hata ukiacha dawa mapema athari inaweza kubaki, kwahiyo hawakuniambia niache, waliandika tu kwa herufi kubwa ili daktari ajiandae. Jamani tajeni dawa zote. Wenye sukari nao waliangaliwa retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha, kabla, na wanaovaa lenzi za kubandika juu ya jicho (contact lens) walitakiwa kuziacha muda fulani kabla ya kupimwa kwa sababu zinabadilisha umbo la konea.

Siku yenyewe baada ya ganzi walitia povidone-iodine ya asilimia 5, dawa ya kuua vijidudu, juu ya jicho wakaiacha dakika chache. Haikuuma, ila jioni ganzi ilipoisha jicho lilikereketa vibaya na hakuna aliyenitahadharisha, nikadhani kimeharibika kitu.

Sasa naona mbali bila miwani, ya kusomea navaa kama walivyosema toka mwanzo. Nawapa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu maelezo ya matone ya baada ya operesheni walitoa kwa mdomo tu, ipi uanze, kwamba uache kama dakika tano kati ya dawa moja na nyingine isije ikaoshwa, na kwamba ncha ya chupa isiguse jicho, mtu haoni vizuri ana chupa tatu zinazofanana mkononi atakumbuka vipi yote hayo? Waandike kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Jicho la kushoto litafuata, kope zake nimeshaanza kuzikanda.